Diski ni yako, kufuli ni la nani?

Ukipata nafasi leo baada ya ibada, itazame kompyuta ambayo vijana wa kanisa lako huitumia kuonyesha video na maneno ya nyimbo. Huenda ukaona kwenye kioo chake alama ya koni ya barabarani, ya rangi ya chungwa yenye mistari myeupe. Hiyo ni VLC, programu ya bure ya kuchezea video, ambayo chimbuko lake ni mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale kule Paris, Ufaransa. Wengi wetu tunayo hata nyumbani. Ndani yake mna kipande kidogo cha programu kiitwacho libdvdcss, na kazi yake ni moja tu: kufungua kufuli la kidijitali lililomo ndani ya diski za DVD, ili zicheze bila mashine kuomba ruhusa kwa wenye kufuli.

Kipande hicho, ambacho hapa kwetu hakuna anayekitilia maanani, ni chombo cha kesi katika nchi nyingine. Hata hapa Kenya si jambo la kupuuzwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kwamba mtu anayekwepa kizuizi madhubuti cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi ya mwingine amevunja hakimiliki, na vivyo hivyo anayetengeneza au kusambaza vifaa vilivyoundwa hasa kwa lengo hilo.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu linagusa sanduku lililo chini ya meza ya televisheni katika nyumba nyingi za waumini. Mna diski za sinema za maisha ya Yesu, katuni za Biblia tulizowanunulia watoto, mahubiri, harusi, kwaya za Pasaka. Mashine za kuzichezesha zinaharibika na fundi anakuambia vipuri havipatikani. Kipakatalishi kipya hakina tena tundu la diski. Hata Netflix, kampuni iliyoanza kwa kuwapelekea watu DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Basi mtu anayetaka kuokoa alichonunua anapaswa kukihamishia kwenye kompyuta au flashi, na kama diski ina kufuli, hawezi kufanya hivyo bila kulifungua. Hapo ndipo swali linapoingia mlangoni mwa dhamiri: je, nikifanya hivyo nimeiba?

Ili tujibu vizuri, tujue kwanza kufuli lenyewe ni nini. DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, na Marekani mwaka 1997. Wenye kampuni za sinema walikuwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya bure. Kanda ya zamani ya video ukiinakili, nakala inafifia; ukinakili nakala, inafifia zaidi. Lakini nakala ya kidijitali ni sawa kabisa na ile ya kwanza. Kwa hiyo wakakubaliana na watengenezaji wa mashine kwamba picha zivurugwe kwa mfumo ulioitwa CSS, na kila mashine ipewe ufunguo wa siri wa kuzipanga upya. Anayetaka ufunguo atie sahihi mkataba, alipe ada, aahidi kutunza siri na kufuata masharti.

Masharti hayo ndiyo yanayonifanya niinue nyusi. Mojawapo ni kuigawa dunia kwa kanda. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya na Japani ni kanda ya 2, pamoja na Afrika Kusini na Misri. Sisi Wakenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, tuko kanda ya 5. Mpwa wako aliye Minnesota akinunua sinema dukani, akalipa bei yote na ushuru wake, akakuletea Krismasi, mashine inayofuata masharti itakataa kuicheza. Hakuna aliyeibiwa hapo. Mwenye sinema amepokea pesa zake. Kufuli linalinda mpango wa kampuni wa kuuza sinema ileile kwa bei na tarehe tofauti katika nchi tofauti, basi. Ni kweli kwamba mashine nyingi za bei rahisi zilizofika huku hazikujali kanda, nasi hatukuuliza kwa nini.

Sasa twende Norway. Mwaka 1999 kijana aitwaye Jon Lech Johansen alikuwa na umri wa miaka 15. Yeye na watu wengine wawili aliofahamiana nao kwenye intaneti, ambao hawakutaka kujulikana, walitoa programu iliyoitwa DeCSS. Mtengenezaji mmoja wa programu za kuchezea DVD alikuwa hakuuficha ufunguo wake vizuri, na kutokana na uzembe huo siri yote ikafunguka. Kijana alijitetea kwamba watumiaji wa mfumo wa Linux walinunua diski kama watu wengine, lakini hakukuwa na programu iliyoidhinishwa ya kuzichezesha kwenye kompyuta zao. Januari 2000 polisi walifika nyumbani kwao wakachukua vifaa vyake.

Alishtakiwa kwa kifungu cha sheria ya jinai kinachomhusu mtu anayevunja ulinzi ili aingie kwenye data asizokuwa na haki nazo. Ona jinsi swali lilivyo la ajabu, msomaji wangu: je, mtu anaweza kuvunja nyumba yake mwenyewe? Mahakama ya Oslo ilijibu Januari 2003. Ilisema aliyenunua DVD kihalali ana haki ya kukiona kilichomo, hata kama anakiona kwa njia ambayo muuzaji hakuikusudia, na hapakuwa na ushahidi kwamba kijana yule alikuwa akifanya biashara ya sinema za wizi. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Desemba mwaka huohuo akaachiliwa tena, na Januari 2004 waendesha mashtaka wakatangaza kwamba hawataendelea.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa mengine kabisa. Marekani ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1998, maarufu kwa herufi DMCA, ikitekeleza mkataba wa kimataifa uliokubaliwa Geneva mwaka 1996. Sheria hiyo haikuridhika na kukataza wizi wa sinema, ambao tayari ulikuwa umekatazwa. Ilikataza kulifungua kufuli lenyewe, ikakataza pia kutengeneza na kusambaza chombo cha kulifungua. Kampuni nane za Hollywood zikalishtaki jarida moja la wapenzi wa kompyuta lililochapisha DeCSS kwenye tovuti yake. Agosti 2000 Jaji Lewis Kaplan wa New York akaamua kwamba jarida lile halina ruhusa ya kuichapisha, wala kuweka kiungo cha kuwapeleka watu mahali inapopatikana. Mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2001. Watu waliokasirika wakaichapisha programu ile kwenye fulana, wengine wakaigeuza kuwa wimbo na shairi, wakiuliza kama nayo mashairi yatakamatwa.

Usidhani Jaji Kaplan alikuwa mtu asiyeelewa. Aliifananisha programu ile na ugonjwa unaoenea kutoka mtu hadi mtu: kila anayeupokea anakuwa chanzo kipya, na ukishaenea, kumkamata wa kwanza hakusaidii. Hoja hiyo ina uzito. Nitairudia baadaye.

Lakini kesi zilizofuata ndizo zinazoonyesha kiini cha tatizo. Kampuni ya 321 Studios iliuza programu ya kumwezesha mteja kutengeneza nakala ya akiba ya diski yake, ili mtoto akiikwaruza ile halisi, hasara isiwe kubwa. Februari 2004 mahakama ya California ikaipiga marufuku, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikafunga milango. Mwaka 2008 ikaja RealNetworks na programu iitwayo RealDVD. Hawa walijitahidi hata zaidi. Walikuwa wamenunua leseni ya CSS, na nakala iliyobaki kwenye kompyuta ilifungwa kwa kufuli jingine ili isiweze kugawiwa ovyo. Agosti 2009 Jaji Marilyn Hall Patel akaizuia nayo. Alichosema kinastahili kusomwa polepole: huenda kweli mtu binafsi ana haki ya kutunza nakala moja ya DVD yake kwenye kompyuta yake, lakini sheria inakataza kutengeneza au kuuza chombo cha kumwezesha kufanya hivyo. Machi 2010 kampuni ikakubali kushindwa na kulipa gharama za kesi za wapinzani wake, dola milioni 4.5.

Yaani una ruhusa ya kunywa maji ya kisima chako, ila yeyote atakayekuuzia kamba na ndoo atashtakiwa. Kwa mtaalamu wa kompyuta hilo si neno, kwa kuwa anaweza kusokota kamba yake mwenyewe. Kwa bibi yangu au yako, haki hiyo imeandikwa kwenye karatasi tu.

Mpendwa msomaji, hapa ndipo ninapotaka tufungue Biblia. Tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 23, aya mbili za mwisho, ambazo wahubiri wengi huzipita bila kusimama. Mungu anawaambia Waisraeli kwamba mtu akiingia katika shamba la mizabibu la jirani yake, anaweza kula zabibu mpaka ashibe, lakini asitie hata moja katika chombo chake. Akiingia katika ngano ya jirani, anaweza kuvunja masuke kwa mkono, lakini asitumie mundu. Hii ndiyo sababu wanafunzi wa Yesu walipovunja masuke wakipita kondeni, Mafarisayo hawakuwaambia ni wezi. Waliwalaumu kwa sababu ya Sabato tu. Wizi haukutajwa, kwa kuwa sheria ya Musa iliruhusu.

Tazama hekima ya sheria ile. Inamlinda mwenye shamba, kwa sababu mundu na kikapu ni dalili za kuvuna, na aliyevuna ameondoka na jasho la mwingine. Inamlinda pia mpita njia mwenye njaa. Mpaka kati ya hao wawili umewekwa mahali palipo wazi hata kwa mtoto: unakula, au unavuna? Na angalia kitu kingine. Mundu umekatazwa ukiwa ndani ya ngano ya jirani. Musa hakupiga marufuku uhunzi wa miundu katika Israeli yote. Mtu alikwenda na mundu wake katika shamba lake mwenyewe, na hakuna aliyemwuliza.

Sura inayofuata, ya 24, ina neno linalokaribiana sana na habari yetu. Aliyemkopesha mwenzake haruhusiwi kuingia nyumbani mwake kuchukua rehani. Anapaswa kusimama nje, mwenye nyumba mwenyewe ampelekee. Ana haki yake, hakuna anayeikana, lakini haki hiyo inaishia mlangoni. Nikiisoma amri hiyo ninaiona diski juu ya meza ya sebule. Muuzaji ameuza, amelipwa, ameondoka. Kufuli lake lakini limeingia ndani, limekaa kwenye kochi, linakuambia ni mashine gani uitumie, ni tangazo gani huruhusiwi kuliruka, na kwamba sinema aliyokuletea mpwa wako haikukusudiwa wewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nami nauweka wazi. Kuiba jasho la mtunzi ni dhambi. Kufungua kitu ulichokinunua ili ukitazame si dhambi ileile, wala si ndugu yake. Sheria ya Marekani imezifunga katika kitita kimoja, na nchi nyingi zikaiga. Mwisraeli anayekula zabibu tatu na yule aliyekuja na punda na makapu hawawezi kuhukumiwa kwa aya moja.

Nilisema nitairudia hoja ya Jaji Kaplan, nami si mtu wa kukwepa deni. Wenye sinema watasema: chombo hakijui nani anakula na nani anavuna. Ukimpa kila mtu, aliye mwaminifu atahifadhi katuni za watoto wake, lakini jirani yake ataiweka sinema kwenye intaneti leo usiku, na kesho itakuwa katika kila mtaa wa Nairobi. Ni kweli, imetokea. Na tusidanganyane kwamba anayeumia ni tajiri wa Hollywood peke yake. Sinema ina mshona mavazi, fundi wa taa, dereva, mpishi wa kambi. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, hakuweka alama kwamba haimhusu mtenda kazi wa nchi tajiri.

Ila kuna jambo wasilopenda kulisema. Mwizi mkubwa hakuhitaji kulifungua kufuli. Mwenye kiwanda cha kuchapa diski aliweza kuinakili DVD yote kama ilivyo, kufuli likiwa ndani, na mashine yako ikaicheza bila kujua tofauti. Aliyezuiwa na kufuli hasa ni mnunuzi wa kawaida aliye nyumbani. Ndiyo maana marufuku hii haikuziba mto wa diski bandia uliotiririka katika masoko ya dunia, yetu yakiwemo.

Na sasa msomaji, tugeuze kioo kitutazame sisi. Diski ya kwaya ya kanisa lako haina kufuli. Hata kama kwaya ingetaka, diski tupu za kuchoma zinazouzwa madukani zimetengenezwa hivi kwamba sehemu ya kuwekea funguo za CSS imezibwa tangu kiwandani. Kufuli ni la mwenye kiwanda na leseni. Mwalimu wa kwaya aliyekodi studio, akalipa mpiga picha, akashona sare, akasafirisha waimbaji hadi ziwani kupiga video, hana chochote cha kumlinda ila amri ya nane.

Nasi tunamfanyia nini? Ibada ikiisha, diski moja inanunuliwa, na kufikia Jumatano imeshaingia kwenye flashi kumi. Tunapita kwenye duka la mtaani ambako kijana ana maelfu ya nyimbo na sinema kwenye kompyuta moja, tunamlipa yeye, na kurushiwa kwenye simu nyimbo za dada anayeimba kanisa la pili kutoka letu. Hakuna kufuli lililovunjwa, hakuna DeCSS, hakuna jaji. Tunasema, "Ni injili, acha isambae." Injili ni bure, sawa. Lakini studio haikuwa bure, na kijana wa duka hakutuuzia kwa jina la Bwana.

Ndiyo maana sheria ya makufuli inanitia wasiwasi kwa upande huu pia. Inaweza kutufundisha vibaya. Mtu akizoea kwamba kosa liko katika kufungua kufuli, ataamini kwamba pasipo na kufuli hapana kosa. Mlango uliofungwa anauogopa, mlango ulio wazi anaingia na gunia. Nimesikia Wakristo wazuri wakihangaika kama ni halali kutumia VLC kutazama sinema waliyoilipia, na watu haohao hawajawahi kuhangaika kwamba projekta ya kanisa inaonyesha sinema nzima ya mtu mbele ya waumini mia tatu, bila kumwuliza yeyote, huku kapu la sadaka likizunguka.

Baki letu ni swali la utii. Warumi 13 inatuambia tuitii mamlaka, na sitaki kuwa mwandishi wa safu ya kanisa anayewaambia watu wachague sheria za kufuata kama wachaguavyo nyanya sokoni. Kifungu chetu cha 2001, kama kilivyopitishwa, hakikumtaja mnunuzi halali anayetaka tu kutazama mali yake. Sheria hiyohiyo iliruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya mtu binafsi. Vifungu viwili vinatazamana kama majirani waliogombana, na raia yuko katikati. Sheria yetu inalinda kizuizi kilicho "madhubuti", na neno hilo lilishazua mzozo kwingine. Mwaka 2007 mahakama ya wilaya ya Helsinki, Finland, ilisema CSS si kizuizi madhubuti tena, maana kila mwenye intaneti anaweza kukifungua. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Uingereza nayo iliruhusu nakala za matumizi binafsi Oktoba 2014, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo. Mambo haya hayajatulia popote, na mtu asikutishe kwamba yametulia.

Lakini Biblia inatuonyesha njia nyingine mbali na kunyamaza na kuvunja. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walikuta kwamba sheria ya urithi haikuwa na nafasi yao. Baba amekufa, hakuacha mwana wa kiume, jina lake lingefutika. Hawakujitwalia shamba usiku. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakaeleza shida yao. Musa akalipeleka neno kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wale wamenena haki. Sheria ikarekebishwa, na si kwa ajili yao peke yao.

Jambo kama hilo limefanyika katika habari hii ya makufuli. Kila baada ya miaka mitatu, Mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani hupokea maombi ya watu wanaoumizwa na sheria ile. Walimu wa vyuo waliomba waruhusiwe kufungua DVD ili waonyeshe vipande darasani, na mwaka 2006 wakapewa. Mwaka 2010 wakaongezwa watengenezaji wa filamu za hali halisi. Mwaka 2018 wakafikiwa wale wanaowahudumia wanafunzi wenye ulemavu, ili waweze kumwekea kiziwi maandishi chini ya picha na kumwelezea kipofu kinachoonekana. Ruhusa hizo zina kasoro, kwa sababu zinahusu kitendo cha kufungua na bado haziruhusu kuuza chombo. Ila mlango uligongwa ukafunguka kidogo. Norway ilipofika kuandika sheria yake ya makufuli mwaka 2005, iliweka wazi kwamba marufuku isimzuie mtu binafsi kukifurahia kitu alichokipata kihalali kwenye mashine ambayo kwa kawaida hutumika kukichezea. Sentensi moja tu katika sheria nzima, na mnunuzi mwaminifu akatambuliwa. Upande wa vitabu, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya imejiunga nao, unazitaka nchi kuhakikisha makufuli ya kidijitali hayawanyimi vipofu haki waliyopewa ya kusoma. Wenye sinema hawakuguswa na mkataba huo.

Tuna Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, tuna Bunge, na tuna wabunge ambao hupewa kipaza sauti makanisani kila harambee. Sijawahi kumsikia mzee wa kanisa akimwuliza mmoja wao kwa nini mnunuzi wa diski halali asiandikiwe sentensi yake moja. Nadhani hatukuuliza kwa sababu wengi wetu tulikuwa tukinunua bandia, na anayekula zabibu za wizi haoni haja ya kujadili sheria ya shamba.

Rudi basi kwenye sanduku lile chini ya televisheni. Toa diski zote, uzipange mafungu. Zile za harusi yako na ubatizo wa watoto ni zako. Zihamishe mapema, kwa kuwa diski za kuchoma huharibika zenyewe hata zikitunzwa vizuri. Zile za sinema ulizonunua dukani, zenye kufuli, uzitazame nyumbani kwako na dhamiri yako ikiwa safi. Ukitaka kuzinakili, ujue sheria inasemaje kabla hujaamua, na nakala isitoke nje ya mlango wako. Zile ulizonunua barabarani zikiwa na kava ya karatasi iliyofifia unajua mwenyewe zilitoka wapi. Fungu la mwisho ni la kwaya na waimbaji wa injili wa hapa nyumbani. Hizo hazina kufuli, na mwenyewe yuko karibu, pengine hata usharika mnaujua pamoja. Ukitaka kuihamishia kwenye flashi au kumpa ndugu nakala, geuza kava uangalie nyuma. Mara nyingi namba ya simu ya mwenyekiti wa kwaya imeandikwa pale chini, karibu na jina la studio.